Sindano ya esanse inasema nini?



Mwezi huu tuongee juu ya ile sindano ndogo mbele ya shofere. Kila mutu anaiangalia, lakini wachache wanaielewa. Ku mwisho mumoja kuna F: tanki imejaa. Ku mwisho mwingine kuna E: tanki ni tupu. Motokari zingine zinaandika 1 na 0. Wengi wanasema: "Sindano iko katikati, basi nimebakia na nusu ya safari." Haiko vile!

Ndani ya tanki kuna kitu chepesi kinachoelea juu ya esanse, sawa kifuniko cha chupa juu ya maji ya beseni. Kimefungwa ku mukono wa chuma. Esanse ikishuka, nacho kinashuka, na ule mukono unabadilisha umeme unaofika ku sindano. Ni ile tu. Sindano inapima kimo cha esanse, haipimi njia. Tena tanki nyingi haziko sawa na sanduku. Zimepindwa kusudi ziingie chini ya motokari. Ndiyo maana sindano inaweza kukaa juu siku mbili, kisha inashuka mbio. Na ku mulima esanse inakimbilia upande mumoja, sindano inadanganya. Uisome pahali pa sawasawa, motokari ikiwa imesimama.

Sasa, namna gani kujua utafika wapi? Fanya hivi. Jaza tanki, uandike namba ya kilometa ndani ya kaye. Tembea kama kawaida yako. Kisha jaza tena, uandike litri ngapi zimeingia. Chukua zile litri, zidisha mara 100, gawanya kwa kilometa ulizotembea. Kwa mufano: litri 27 kwa kilometa 300, inatoa litri 9 kwa kila kilometa 100. Ile ndiyo namba ya motokari yako. Namba ya jirani haikusaidie.

Tuseme tanki yako inabeba litri 60 na sindano iko ku robo. Ni karibu litri 15. Uko Likasi, unataka kwenda Kolwezi, karibu kilometa 180. Litri 15 kwa ile namba ya 9 inakufikisha kilometa 166. Hata ukikausha tanki yote, utalala njiani! Na ukiweka pembeni litri 5 za akiba, kama inavyofaa, unabakia na kilometa 110 tu. Hata Lubumbashi, karibu kilometa 120, haiko hakika.

Tena ile 9 haikai 9. Watu saba na mifuko ya unga juu, matope ya mvua, pneu zisizo na upepo, kusimama saa nzima nyuma ya makamyo ya madini: yote inakula esanse. Motokari za sasa zinaandika zenyewe kilometa zinazobakia. Ni muzuri, lakini zinahesabu kufuatana na vile ulikuwa unatembea mbele. Ukitoka ku lami na kuingia ku udongo, ile namba itashuka kuliko njia unayotembea.

Na ile taa ya rangi ya machungwa? Ku motokari nyingi inawaka wakati kunabakia litri 5 mupaka 10. Kitabu cha motokari kinasema hakika. Lakini usiizoee. Ku motokari nyingi pompi ya esanse iko ndani ya tanki, na ni esanse yenyewe inayoipoza. Ku motokari ya mazuti, ukikausha tanki, hewa inaingia ndani ya tuyo. Mara nyingi inaomba kuitoa kwanza ndipo moteri iwake.

Ninajua mutasema: "Tunanunua litri tano tano, juu feza hakuna." Ni kweli. Lakini angalieni: kubakia juu ya robo hakuongeze esanse motokari inayokula. Unalipa ile akiba mara moja tu, kisha unaendelea na litri zako tano tano. Na siku mama anashikwa na uchungu wa kuzaa saa nane ya usiku, stasio imefungwa na kadafi wa pembeni ya njia analala, ile robo ndiyo itamufikisha ku maternite. Kwa hiyo nyumba iwe na sheria moja: motokari hailale chini ya robo. Kijana aliyeazima motokari ya baba asiirudishe na taa inawaka na kunyamaza kimya.

Lakini akiba isiwe bido ya esanse ndani ya chumba ao karibu na mbabula. Moshi wa esanse hauonekane, unatembea chini chini, na moto kidogo unatosha. Na musiangalie ndani ya tanki na kiberiti hata siku moja!

Wenye sindano iliyokufa, kaye yenu ndiyo sindano. Siku ya kujaza, mumupe mutoto anayejua kugawanya afanye ile hesabu, na namba aibandike mbele ya shofere.