Sungura mzee akikonda, mtazame meno kwanza

Najua wapo watakaocheka: sungura akizeeka si kitoweo? Lakini ikiwa watoto wako wamemlea tangu akiwa mchanga na kumpa jina, hutamchinja. Basi mtunze ipasavyo.

Sungura akifikisha miaka 5 au 6 huanza kuzeeka. Wengi wetu tukiona uti wa mgongo umechongoka, tunakimbilia kumwongezea karoti na chakula cha dukani. Hapo ndipo tunapokosea. Mara nyingi chakula kipo tele, ila hawezi kukitafuna. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na yasiposagika kwa nyasi, yale ya nyuma huota ncha zinazomchoma ulimi na mashavu. Ukimwona akidondosha chakula, au kidevu kimelowa mate, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usithubutu kuyakata mwenyewe kwa koleo!

Nyasi kavu ndizo ziwe chakula chake kikuu, mchana na usiku. Akiwa na maumivu ya viungo, mwekee karibu na anapolala, na maji katika bakuli. Ukibadilisha chakula, fanya hivyo polepole kwa siku kadhaa, maana tumbo lake ni jepesi kuvurugika.

Tena mpime kila wiki. Mtie ndani ya kikapu, weka juu ya mizani, toa uzito wa kikapu, kisha andika. Manyoya hudanganya macho. Na akikataa kula kwa nusu siku nzima, usingoje kesho.