Telefone imekuwa banki

Tangu M23 iingie Goma mwezi wa kwanza 2025, mabanki mengi yalifunga milango, na pesa ya koltani ya Rubaya inafikia familia kwa telefone. Njo maana wezi nao wamehamia humo. Mtu anapiga: «Mama, nimekosea kukutumia pesa, unisomee ile namba iliyoingia.» Ukimusomea, kazi ya juma zima imeenda. Lakini sisi tunaogopa zaidi yale tunayoyatoa wenyewe: kijana anaweka kwenye WhatsApp picha ya baba aliyetoka shimoni, na Ndosho yote inajua kwenye nyumba ile kuko feza. Sheria ya numeriki ya 2023 inalinda siri za mtu, ndiyo, lakini leo utashitaki wapi? Kwa sasa namba ya siri ibaki kichwani mwa mama, na picha ingoje baba arudi Rubaya.