Nimechagua chuo kwa sababu ya mlima, sasa semeni

Najua UE imekaribia na desa zangu mwenyewe ziko mezani zinanikodolea macho, lakini hili limenikaa kooni muda mrefu, wacha nilitoe.

Kila fesiti yia wakiingia hapa SUA swali ni lile lile: kwa nini umechagua Morogoro? Mmoja atasema kozi. Mwingine, ndipo aliposoma baba. Mwingine, ndipo walipomkubali. Wote wanaitikiwa vizuri tu. Mimi nikisema nimefuata kozi yangu ya mazingira NA milima ya Uluguru nipande na baiskeli, watu wanashika mbavu. Eti "kumbe we umekuja picnic!"

Haya, leo tubishane kwa hoja, vicheko tuweke pembeni.

Ninachosema ni hiki. Kama vyuo viwili vinakupa kozi unayoitaka, ada haipishani sana na mkopo unautegemea kote kote, basi mahali chuo kilipo ni sababu halali ya kuchagua. Na mlima mzuri wa baiskeli ni sababu halali kabisa, haihitaji kuombewa radhi.

Tuangalie hizo sababu tunazoziita nzito. Jina la chuo? Jamani, jina halikuamshi Jumamosi asubuhi ukiwa umechoka kichwa kwa msuli wa wiki nzima. Ukaribu na Dar? Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatembea Dar hadi Morogoro, safari haifiki hata saa mbili. Kuna watu Dar kwenyewe wanakaa foleni zaidi ya hapo kutoka Mbagala. Na hao jamaa zetu wa UDSM wanaoita kwao Mlimani, sibishi, kilima kipo. Ila ukikipanda kwa baiskeli unakutana na daladala za Ubungo, sio msitu.

Sasa njoo Moro. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachoutazama kiko mita 2,138. Maana yake ukitoka hosteli umeshaanza kupanda. Huhitaji nauli wala kibali cha kwenda likizo. Unashika njia ya Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani, unapita mashamba ya migomba, hewa inabadilika, miguu inawaka moto, mji mzima uko chini yako. Kilele chenyewe siongelei kwa baiskeli, huko ni msitu na ni kwa miguu. Naongelea miteremko ya chini, na inatosha sana.

Piga hesabu. Chukua wiki 30 za masomo kwa mwaka, mara miaka mitatu: wikiendi 90. Hayo ndiyo maisha yako ya chuo nje ya darasa, na hayarudi. Mtu anayachagulia mahali kwa makini, nyie mnamcheka. Anayezimaliza zote 90 kitandani na simu hachekwi hata siku moja!

Wenzetu hili walishamaliza kulijadili zamani. Marekani kuna mji unaitwa Durango, jimbo la Colorado, ndiko yalikofanyika mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani ya mwaka 1990. Juu ya mji huo kuna chuo, Fort Lewis College, na timu yake ya baiskeli imebeba mataji ya taifa ya vyuo. Huko mtu akisema kachagua chuo kwa sababu ya njia za baiskeli, anaulizwa anaendesha aina gani. Mchezo wenyewe upo Olimpiki tangu Atlanta 1996. Na msiseme "hao ni wazungu", kwa sababu Septemba 2025 Kigali hapo jirani iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufika Afrika. Watu walijaa kwenye vilima vya Kigali kuangalia baiskeli. Vilima hata sisi tunavyo!

Ila tuseme ukweli, kinachowachekesha wengi wenu sio mlima. Ni baiskeli. Kichwani mwenu baiskeli ni ya muuza mkaa na muuza maziwa, na msomi anatakiwa aonekane kwenye gari. Anko wangu mmoja aliniambia waziwazi: "Mjomba, tumekusomesha upande gari, sio urudi kwenye baiskeli." Namheshimu sana anko, lakini babu aliyemsomesha yeye alikuwa na Phoenix moja, na kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuiazima kumpeleka mgonjwa zahanati. Tangu lini kitu hicho kikawa aibu? Juzi kati nilienda kumsalimia rafiki kwenye chuo kimoja (sikitaji), mlinzi akanizuia getini na baiskeli yangu, akasema iache nje. Nikiwa nimesimama pale Prado ikapita, akapiga saluti, wala hakuuliza inaenda wapi. Huo ndio ugonjwa ninaoupigia kelele.

Najua jibu lenu kubwa: bumu halitoshi hata kula, baiskeli ya gia nitaitoa wapi? Hilo ni swali la haki na silikwepi. Baiskeli mpya ya milimani ni ghali, sitawadanganya. Yangu ni ya mtumba, shokapu ya mbele imechoka, gia mbili hazishiki, na inapanda. Kundi letu tuko wanne na baiskeli mbili, tunapokezana. Pancha anaziba fundi yule yule anayemzibia muuza maziwa. Na siku za wiki inanipeleka mjini, hela ya bodaboda inabaki mfukoni. Kwa hiyo msinionyeshe baiskeli kama anasa huku mnapanda boda kwenda kununua vocha.

Na sio kwamba mlima ni wetu tufanye tunavyotaka. Zile njia ni za Waluguru, wanashuka nazo na ndizi na mboga kichwani kwenda sokoni. Mama akiwa na mzigo, wewe shuka, simama pembeni, msalimie, apite kwanza. Ukitaka kuingia kwenye hifadhi ya msitu, fuata kibali kwa watu wa misitu. Masika, Machi mpaka Mei, acha njia zenye tope zipumzike, kwa sababu tairi linachimba mfereji na mvua inaumalizia. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar. Udongo unaoubomoa huku, shangazi yako wa Kimara anaukuta kwenye ndoo.

Kwa wadogo zetu wa fomu siksi: kozi kwanza, mkopo pili, hapo sina ubishi. Kama kozi yako iko sehemu moja tu, nenda huko hata kama ni tambarare kama meza. Lakini zikibaki mbili, uliza na haya bila aibu. Mlima uko umbali gani na mlango wa hosteli? Kuna fundi karibu? Baiskeli italala wapi usiku? Nani anaruhusu kupita? Moro ipo. Mbeya ipo, MUST iko pale na Loleza inaangalia mji kwa mita 2,656. Moshi ipo, Ushirika uko chini ya Kilimanjaro kabisa.

Na vyuo navyo viache kujitangaza kwa picha za majengo tu. Wekeni sehemu ya kufungia baiskeli, wafundisheni walinzi kwamba aliyekuja na pedali naye ni mwanafunzi.

Anayepinga apinge, ila alete hoja. Akikosa, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka, baiskeli ya pili ina nafasi ya zamu.

Nawasilisha.