Kitabu cha Jirani katika Madarasa ya Kisangani

Fasihi ya watoto yenye tamaduni mbalimbali, yaani hadithi na picha zinazotoka katika jamii zaidi ya moja, hutetewa mara nyingi kwa hoja ya mtaalamu wa Marekani Rudine Sims Bishop, aliyeandika mwaka 1990 kwamba kitabu huweza kuwa kioo cha mtoto kujitazamia au dirisha la kumwonea mwingine. Mjini Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hoja hiyo yahitaji kupimwa upya, kwa kuwa dirisha la kuonea Ulaya lilifunguliwa tangu enzi za ukoloni, ilhali la kumwonea jirani bado ni finyu mno.

Katika komine ya Lubunga, yaani sehemu ya mji iliyo ng'ambo ya Mto Kongo, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulizuka mwaka 2023, ukaua watu na kuwahamisha wengi. Hakuna hadithi inayoweza kupima mipaka ya shamba, na ni kosa kuibebesha shule mzigo huo. Hata hivyo, mtoto ambaye hajakutana darasani na jina, chakula wala wimbo wa kubembelezea wa jirani yake humjua kwanza kwa uvumi, na uvumi huo shule inaweza kuutangulia.

Wapo wanaohofu kwamba kutaja makabila mbele ya watoto kutaamsha utengano. Hofu hiyo ina uzito, lakini ukimya haukuwakinga watoto wa Lubunga, na hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kumchora jirani kwa sura moja tu. Magogo yaliyochongwa ya Walokele, ambayo hupeleka ujumbe kwa kufuata toni za lugha yao, kama alivyoeleza John Carrington, mmisionari aliyefanya kazi Yakusu, katika kitabu chake cha mwaka 1949, yanastahili hadithi, sawa na mitego ya Wagenia kwenye maporomoko ya Boyoma. Ila mtoto wa komine ya Mangobo mjini humo hupanda pia toleka, yaani baiskeli ya abiria, na husikia Kiswahili na Kilingala katika mtaa mmoja.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika katika kufundisha. Kwa kuwa elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza mwaka 2019, iliongeza msongamano madarasani, nakala moja ya kitabu anayoisoma mwalimu kwa sauti, kisha wanafunzi wakaisimulia kwa lugha za nyumbani, ni mwanzo unaowezekana. Hadithi za mradi wa African Storybook zaweza kutafsiriwa na kuchapwa bila malipo ya hakimiliki. Kinachobaki ni kuwapa walimu wa Tshopo, mkoa wa Kisangani, muda na karatasi za kuandika hadithi ambazo bado zimo vinywani mwa wazee.