Nyundo si Dawa ya Tairi Lililoganda

Katika gereji nyingi za mwambao wetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, kuna imani ambayo karibu hakuna anayeihoji: tairi likigoma kutoka, kilichopungua ni nguvu. Nati zote zimeshafunguliwa, gari liko juu ya jeki, na gurudumu halitikisiki. Anaitwa kijana mwenye misuli. Akishindwa, fundi anafuta jasho na kusema, "Bosi, hii imeganda, mpaka nyundo." Nyundo nayo ikishindwa, inawashwa gesi ya kuchomelea. Mwenye gari amesimama pembeni anatazama saa, na tairi likitoka kila mtu anaona kazi imefanyika. Nasema bila kuuma maneno kwamba imani hiyo ni ya uongo, inaharibu magari ya watu waliojinyima ili wayanunue, na inahatarisha maisha ya mafundi wenyewe.

Tuangalie kwanza kinacholishikilia gurudumu. Wengi hudhani ni nati peke yake, kwa hiyo zikishatoka, gurudumu halina sababu ya kubaki. Sivyo. Katikati ya rimu kuna tundu linalovaa kwenye mdomo wa habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Kwa Vitz na Corolla nyingi, magari ambayo yamejaa barabarani kwetu, tundu hilo lina kipenyo cha milimita 54.1, na mwanya unaobaki kati yake na habu ni mdogo sana. Limechongwa hivyo makusudi ili gurudumu likae katikati kabisa na lisitetemeke kwenye mwendo. Maji yakipenya hapo, habu ya chuma inaota kutu, na kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa. Inajaza ule mwanya, inakosa pa kwenda, inazidi kujibana, mpaka rimu na habu zinashikana.

Rimu za spoti zina shida zaidi. Zile ni za aluminiamu, na aluminiamu ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, huanza kuliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Siku rimu ya namna hiyo ikishatolewa, igeuze uitazame kwa nyuma. Kwenye mdomo wa tundu utaona pete ya kutu nyekundu iliyobanduka kutoka kwenye habu, na chini yake gamba jeupe kama chokaa, gumu kiasi kwamba ukucha haulikwangui. Gamba hilo ndilo lililokuwa likishindana na kijana mwenye misuli. Nati hazikuhusika.

Na chumvi sisi tunayo ya kutosha. Gari linalovuka kila siku kwa kivuko cha Kigamboni au cha Likoni linapita kwenye gati lililoloa maji ya bahari. Upepo wa baharini nao unafika hata kwa gari ambalo halijawahi kukanyaga kivuko. Tena magari yetu mengi yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani, na yale yaliyotoka Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini yalipita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mnunuzi anakagua rangi, redio na kilomita. Wachache sana wanainama kutazama chini.

Imani hii ina pacha wake, na lazima nimtaje kwa sababu wanaishi gereji moja. Ni ile ya kwamba nati haijakaza mpaka mtu apande juu ya spana. Hesabu yake ni rahisi. Toyota nyingi ndogo zinatakiwa nati za tairi zikazwe kwa 103 Nm. Ukiwa na spana yenye mkono wa sentimita 30, kiwango hicho unakifikia kwa kuukandamiza kwa uzito wa kama kilo 35. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana hiyo, ameshazidisha mara mbili. Akirukaruka, au akivalisha bomba ili mkono uwe mrefu, hakuna tena anayejua amekaza kiasi gani. Bolti inavutika, nyuzi zake zinaharibika, na kukaza kusiko sawa kunaweza kuipinda diski ya breki, halafu mwenye gari analalamika kwamba usukani unatetemeka akishika breki. Siku atakapopata pancha usiku, yeye na ile spana fupi iliyokuja na gari, nati hazitafunguka. Pamoja na hayo yote, kule kukaza hakukuzuia hata tone moja la maji lisiingie kwenye habu.

Turudi kwenye nyundo. Ndani ya habu kuna beringi, na ndani ya beringi kuna gololi zinazotembea juu ya njia iliyosuguliwa ikawa laini kabisa. Ukiipiga rimu kwa nyundo nzito, pigo haliishii kwenye kutu. Linapita kwenye habu mpaka kwenye gololi, na kila gololi inaweza kuacha kibonyeo kidogo kwenye njia yake. Hakuna anayekiona siku hiyo. Tairi limetoka, fundi amelipwa, mteja ameshukuru. Baada ya muda gari linaanza kuunguruma kwenye mwendo, mlio unaopanda kadiri kasi inavyopanda, na mwenye gari anakwenda kwa fundi mwingine kununua beringi. Hapo ndipo ilipo siri ya sifa za nyundo: faida yake inaonekana papo hapo, hasara yake inalipiwa kwingine. Rimu ya aluminiamu nayo hupata ufa, na ya chuma hupinda ukingo ikaanza kuvujisha upepo.

Kuna baya kuliko beringi. Gari lililonyanyuliwa kwa jeki moja linasimama kwa kubahatisha, na mtu anayepiga nyundo ubavuni mwake anafanya kila analoweza ili lianguke. Nimewaona vijana wameingiza miguu chini ya bodi huku wenzao wanagonga. Mwenye gereji anayeruhusu kazi hiyo bila stendi chini ya gari amekubali kijana wa watu avunjike mguu.

Kuhusu moto sitasema mengi kwa sababu hauna mjadala. Ukiichoma rimu ambayo bado ina tairi lenye upepo, hewa ya ndani inapanda joto, mpira wenyewe unaanza kuungua kwa ndani na kutoa gesi, na tairi linaweza kulipuka kama bomu. Mtu asikubali moto karibu na tairi lililojaa, hata fundi awe amezeeka kwenye kazi.

Sasa dawa. Watengenezaji wa magari wanaijua kutu tangu zamani, na namna yao ya kupambana nayo inatufundisha. Tazama uso wa dramu ya breki za nyuma kwenye Toyota nyingi: utakuta matundu mawili yenye nyuzi. Yamewekwa ili dramu ikiganda, uingize bolti mbili za milimita 8, uzikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka dramu isukumwe nje bila pigo hata moja. Kutu hushindwa na msukumo wa polepole unaotoka pande zote mbili. Nyundo inagonga upande mmoja, rimu inakaa mshazari, na ikikaa mshazari inajibana zaidi.

Gurudumu halina matundu hayo, lakini lina kitu kikubwa zaidi: gari lenyewe. Vitz ina uzito wa karibu tani moja. Zilegeze nati zote mzunguko mmoja au miwili, zibaki kwenye bolti, usizitoe. Shusha gari kutoka kwenye jeki. Kisha, mahali tambarare pasipo na watu, lisogeze mbele mita moja na urudi nyuma mita moja, taratibu, ukishika breki kila linapokwenda. Kama ni tairi la mbele, zungusha usukani kushoto na kulia. Mara nyingi utasikia mlio mmoja mkavu wa kutu ikiachia, na hapo usimame mara moja. Nati zimelizuia gurudumu lisichomoke, uzito wa gari umefanya kazi, na hakuna aliyetoka jasho. Lakini nati zikiwa zimelegea, usithubutu kuingia barabarani hata kwa hatua chache.

Likikataa bado, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye mwanya wa katikati, kidogo tu, usubiri, kisha urudie. Angalia yasifike kwenye diski wala pedi za breki. Likikataa tena, weka gari kwenye stendi imara, nati zikiwa bado zimeshika, ulisukume tairi kwa kisigino upande mmoja, ulizungushe nusu, usukume upande wa pili. Unasukuma mpira, hugusi rimu. Ukilazimika kugonga, gonga mpira kwa kipande cha gogo kutoka upande wa ndani, mwili wako wote ukiwa nje ya gari.

Fundi mzoefu atanijibu kwamba nyundo ameitumia miaka yote na matairi yametoka. Ni kweli yametoka. Mimi nauliza kwa nini yaliganda, wakati gari lilikuwa likija kwake kila baada ya miezi michache kwa servisi. Jibu ni kwamba servisi yetu imekuwa kumwaga oili na kubadilisha filta, basi. Magurudumu hayatolewi mpaka ipatikane pancha au breki zilie. Wala simlaumu fundi peke yake. Mteja anayemsimamia kichwani akimhimiza amalize ndani ya nusu saa, halafu anabishania elfu tano, ndiye anayenunua hiyo nyundo.

Kazi ya kuzuia haya yote ni ndogo. Kila kilomita 10,000 hivi, matairi yanapobadilishwa nafasi, habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, na tundu la rimu vilevile. Ipakwe grisi nyepesi sana kwenye mdomo wa habu tu. Kwenye nyuzi za bolti isipakwe, kwa sababu nyuzi zenye mafuta hukaza kupita kipimo bila aliyeshika spana kujua. Nati zikazwe kwa msalaba, kwa spana yenye kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gereji inayoona spana hiyo ni ghali ijumlishe bei ya bolti na beringi inazobadilisha kwa mwaka.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, servisi ijayo usiondoke kabla hujayaona magurudumu yote manne yametolewa na habu zimesuguliwa, na ulipe kazi hiyo bila kunung'unika. Na ukiona nyundo inanyanyuliwa kuelekea kwenye rimu yako, mwambie fundi kwa heshima aiweke chini, ashushe gari, aanze na uzito wake.