Gereji si Chumba, Hata Ukiitia Kitanda

Kuna wazo limeota mizizi huku Diani, kutoka Ukunda hadi Galu: ziba mlango wa gereji, tia kitanda na feni, na nyumba ya vyumba vitatu imekuwa ya vinne, bei juu. Madalali wanalishabikia. Mafundi ndio kabisa, maana ni kazi ya haraka na malipo ni taslimu. Mimi nasema ni kutupa pesa.

Ingia chumba cha aina hiyo mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika. Sakafu ya gereji huwekwa chini, sawa na njia ya gari, tena kwa mwinamo ili maji ya kuoshea gari yatoke nje. Mlango ulipozibwa kwa matofali, maji yalikosa pa kutokea. Unyevu unapanda ukutani nyuma ya kitanda, rangi inabambuka, na harufu ya oili iliyonywewa na saruji haijasikia sabuni yoyote. Dirisha ni moja, tena limetazamana na ukuta wa jirani. Ikifika Februari, kwa joto lile la kaskazi chini ya mabati, mgeni atadai arudishiwe pesa zake.

Halafu kuna sheria, ambayo dalali haitaji. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kubadilisha jengo namna hii. Ukianza bila kibali, faini ni hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Na mnunuzi anayekopa benki atakuja na mthamini. Mthamini makini ataomba plani iliyoidhinishwa. Plani inasema gereji.

"Lakini kodi inaingia!" Sawa, inaingia. Kodi ya mwezi na bei ya nyumba ni vitu viwili. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu wa Nairobi anafika Kwale na gari lake bila foleni ya feri ya Likoni. Huyo ndiye mnunuzi wako, na atauliza gari litalala wapi, kwa kuwa chumvi ya bahari hula bodi ya gari linaloachwa nje. Utamwonyesha wapi?

Ukitaka chumba, kijenge. Pitia ofisi ya mipango Kwale kabla ya kumwita fundi, inua sakafu, weka madirisha yanayopokea kusi, na uhakikishe tangi la maji taka litahimili choo kingine. Gharama ikikushinda, liachie gari gereji yake.