Kahawa: tunauza programu ambayo hatujawahi kuifungua

Niliahidi kwamba leo ningemalizia ile habari ya hifadhidata. Samahani, itangoja. Wikendi nilikwenda nyumbani Murang'a, nikarudi na jambo moja ambalo limekataa kutoka kichwani, na jambo lenyewe ni kahawa. Wenzangu wa chai msiondoke, hata nyinyi mnahusika.

Mimi hutengeneza kahawa kwa presi ya Kifaransa. Kwa asiyeijua, ni jagi la kioo lenye kifuniko, na katikati ya kifuniko hupita fimbo yenye chujio la waya mwishoni. Unaweka kahawa iliyosagwa, unamwaga maji moto, unangoja, kisha unasukuma chujio na machicha yanabaki chini. Basi. Hakuna mota, hakuna waya wa stima, hakuna karatasi ya kununua kila mwezi. Stima ikipotea (na hupenda kupotea dakika moja kabla hujahifadhi kazi yako) bado nina gesi, kwa hivyo bado nina kahawa.

Maoni yangu ya leo ni haya: kila nyumba inayolima kahawa Kenya, na kila mtu anayejigamba kwa wageni kwamba kahawa yetu ni bora duniani, anafaa kuwa na jagi hili. Sisemi hivyo kwa ajili ya fasheni. Nasema hivyo kwa sababu ya sheria moja ya kazi yetu.

Sheria yenyewe waandishi wa programu mnaijua. Kabla hujamuuzia mtu programu, itumie wewe mwenyewe kila siku. Ukiitumia utajua inakwama wapi, utajua ina uzuri gani, na mteja akija kukwambia haina thamani utakuwa na la kumjibu. Ukiuza kitu ambacho hujawahi kukifungua, mteja atakwambia lolote nawe utaitikia tu.

Sasa tazama kahawa yetu. Mama yangu ana miti ya SL28, ile aina iliyochaguliwa katika maabara za Scott huko Kabete miaka ya 1930. Tangu nikiwa mtoto namwona akichuma tunda moja moja lililoiva, akitenga mabichi, akibeba gunia hadi fakitori ya chama cha ushirika na kupanga foleni ya mizani. Yaliyoanguka chini huyakausha na maganda yake, hiyo ndiyo mbuni, inayouzwa bei ya kutupa. Akitoka fakitori anarudi nyumbani na kupika chai ya maziwa. Nasi tuliosomeshwa kwa kahawa hiyo, tulipoanza kazi Nairobi tukanunua kahawa ya unga ya mkebe, ile inayoyeyuka yote kwenye maji, tukaamini hiyo ndiyo ladha ya kahawa. Sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Kenya hupanda meli. Jirani zetu wa Ethiopia huinywa wenyewe karibu nusu ya wanayolima.

Nani basi anayeijua kahawa ya mama? Ni mwonjaji wa mnunuzi. Kabla ya mnada wa Nairobi, wanunuzi hupewa sampuli, wanazikaanga na kuzionja, ndipo wanaamua watoe bei gani. Na wanaonja vipi? Wanasaga kahawa kwa chenga kubwa, wanaiweka kwenye bakuli, wanamwaga maji moto, wanangoja kama dakika nne, wanavunja utando wa juu kwa kijiko, inapopoa kidogo wanaionja. Hakuna mashine ya mamilioni pale mezani. Ni kahawa iliyolowekwa kwenye maji.

Umeona? Presi ya Kifaransa hufanya kazi ile ile. Ni kuloweka tu, kisha chujio. Kwa hivyo ukinywa kahawa ya presi jikoni kwako, unaonja karibu kabisa na kile anachoonja yule anayeamua bei ya mama yangu. Ndiyo maana nimechagua jagi hili na si kifaa kingine.

Hapo katikati niwape kisa cha hitilafu iliyonisumbua miezi miwili.

Nilipoanza nilifuata maelekezo ya Wamarekani na Waingereza. Yote yalisema: chemsha maji, ngoja yapoe kama dakika moja, ndipo umwage. Nilitii. Kahawa ikatoka nyepesi, yenye uchachu mkali, kama maji ya ndimu yaliyopitia karibu na kahawa. Nikabadilisha kahawa, nikabadilisha jagi, nikabadilisha duka. Nilikuwa nafanya kosa la mwanagenzi, kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo na kushangaa sijui kipi kimesaidia.

Mwishowe nikakaa kama mtu mzima, nikabadilisha kimoja kimoja. Hitilafu ikajitokeza, nayo ilikuwa mlima. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku maji hayachemki kwenye nyuzi 100, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kahawa hutaka maji ya nyuzi 92 hadi 96. Yaani maji ya Nairobi yakichemka tu, yako sawasawa. Ukiyangoja dakika nzima yapoe, unamwaga maji yaliyochoka. Mtu wa Mombasa ndiye anayehitaji kungoja kidogo. Maelekezo hayakuwa mabaya, yaliandikwa kwa mashine nyingine. Ni mara ngapi tumenakili msimbo wa watu bila kuuliza uliandikiwa mazingira gani?

Haya, hivi ndivyo nifanyavyo sasa.

1. Napima kahawa gramu 60 kwa lita moja ya maji. Jagi langu dogo hubeba mililita 350, kwa hivyo ni gramu 21. Mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kijiko, kwa sababu vijiko vya nyumba mbili havifanani.

2. Nasaga wakati ule ule, chenga kama chumvi ya mawe. Ninatumia kinu kidogo cha mkono. Kahawa iliyosagwa laini kama unga hupenya chujio, hufanya fimbo iwe ngumu kusukuma, na hutia uchungu. Ukinunua dukani mwambie muuzaji asage chenga kubwa za presi. Kahawa ikishasagwa harufu yake hukimbia upesi, kwa hivyo nunua kidogo kidogo.

3. Namwaga maji yote mara moja, nangoja dakika nne. Wakati huo nasoma barua pepe, lakini sijibu.

4. Nakoroga ule utando wa juu, chenga zinazama, nateka povu linalobaki. Kisha nangoja dakika tano zaidi. Ndiyo, tano. Nilijifunza kwa James Hoffmann, Mwingereza aliyeshinda ubingwa wa dunia wa watengenezaji kahawa mwaka 2007. Yeye hasukumi chujio hadi chini, hulishusha mpaka juu ya maji tu ili limwage bila kuchafua. Mashapo yanabaki yametulia. Nilimcheka, nikajaribu, nikaacha kucheka.

Sasa tujibu wapinzani, maana nawajua.

Wa kwanza ni rafiki yangu wa ofisini mwenye mashine ya vidonge. Anatia kidonge, anabonyeza, kahawa inatoka. Sikatai kwamba ni rahisi. Lakini muulize kidonge kikiisha hununua wapi, na kwa nini kahawa ya fakitori ya kwao haiingii mle. Ni ile hadithi ya programu iliyofungwa: unanunua mashine mara moja, halafu unalipa maisha yako yote. Presi ni kama programu huria. Haiulizi kahawa imetoka kampuni gani. Tia ya Murang'a, tia ya Kisii, tia uliyokaanga mwenyewe kwenye sufuria, itakupa ulichoitilia.

Wa pili atasema kahawa si utamaduni wetu, sisi ni watu wa chai. Ndugu yangu, kahawa ililetwa na wamisionari Wafaransa, wakaipanda Bura huko Taita mwaka 1893. Chai ilifika Limuru mwaka 1903. Kwa hiyo mgeni wa juzi ndiye chai, tena kwa miaka kumi! (Na kwa faida yenu: Mfaransa alituletea mti, lakini jagi liitwalo lake lina hataza ya Wataliano wawili, Calimani na Moneta, ya mwaka 1929.) Tena nenda Mombasa au Lamu jioni, umkute muuza kahawa na dele lake la shaba lenye makaa chini, vikombe vidogo vikigongana, kahawa chungu ya tangawizi, na wazee kibarazani wakijadili siasa za dunia nzima. Hawa wote ni Wakenya. Huku bara tulizoea kuitazama kahawa kama noti tu, hatukuitazama kama kinywaji.

Wa tatu ana hoja ya kweli nami namkubali. Kahawa ya presi haipiti kwenye karatasi, kwa hivyo mafuta yake hubaki kikombeni, na ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho kafestoli kinachoweza kupandisha kolesteroli mbaya. Ikiwa daktari amekuonya juu ya kolesteroli, ipitishe kahawa yako kwenye chujio la karatasi kabla ya kunywa. Mimi hunywa vikombe viwili kwa siku, natosheka.

Kuna mwingine atauliza kama lazima iwe AA. Hapana. AA ni ukubwa wa mbegu, basi. Mbegu hupitishwa kwenye matundu ya chekeche na zile kubwa huitwa AA, zinazofuata AB, na zile za duara zilizokaa peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Mara nyingi kubwa hulipiwa zaidi, lakini ulimi wako hauna chekeche. Nimekunywa AB iliyoshinda AA nyingi.

Nirudi Murang'a. Jumamosi nilibeba presi, kinu na pakiti ya robo kilo niliyonunua Nairobi, kahawa ya kaunti ile ile. Mama akaniangalia nikipima gramu kwenye meza yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Nikammiminia kikombe, bila sukari. Akanusa. Akaonja kidogo, akanyamaza, akaonja tena.

"Hii ndiyo ile tunayochuma?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

"Ina kitu kama zambarau ndani." Akaonja mara ya tatu. "Mbona hawakutuambia?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza nimeinunua pesa ngapi. Nikamwambia, zaidi ya shilingi 600. Akachukua ile pakiti akaipima mkononi, kama anavyopima mzigo kabla ya mizani ya fakitori. Tukapiga hesabu pamoja. Ili kupata kilo moja ya kahawa kavu huhitaji kilo sita hadi saba za matunda, na ikikaangwa hupungua tena. Robo kilo ile ilitokana na matunda kilo mbili hivi. Mama anajua vizuri alilipwa ngapi kwa kilo mbili. Hakusema. Aliongeza maji kwenye kikombe, akatia maziwa, akamaliza.

Najua mtaniambia kati ya kilo mbili za matunda na pakiti ya dukani kuna ukoboaji, ukaangaji, usafiri, kodi na pango la duka. Ni kweli, na sitadanganya kwamba jagi moja la kioo litabadilisha bei ya mnada. Lakini kitu kimoja kimebadilika. Jumapili baada ya kanisa alimwita jirani yake, mwanachama mwenzake wa ushirika, akanituma nitengeneze tena. Nikawasikia wakiulizana kwa nini ya fakitori yetu hawajawahi kuionja, na kama kwenye mkutano mkuu wanaweza kuomba ikaangwe walau kilo chache ili wanachama wajue wanauza nini.

Hilo ndilo swali la mtu aliyefungua programu yake mwenyewe. Miaka yote aliambiwa "mwaka huu ubora ulikuwa chini", akaitikia, kwa sababu hakuwa na namna ya kujua. Safari ijayo akiambiwa hivyo, atauliza: chini kivipi? Nani ameonja? Tuonjeni pamoja.

Presi nimeiacha Murang'a. Nimejinunulia nyingine jana, ndogo zaidi, na kioo chake tayari kina ufa kwa sababu nilikiosha huku nikizungumza na simu. Ukinunua yako ioshe taratibu, na ukienda nyumbani kwa wazee wanaolima, ibebe. Wapimie wao kwanza kabla hujajipimia.

Maji yamechemka. Ya hifadhidata ni wiki ijayo, nikiwa hai.